Honi Tatu Kwenye Mteremko wa Subuiga

Kuna kazi za heshima hapa duniani, na kuna kazi niliyoifanya mimi: kuendesha pikapu polepole nyuma ya watu wazima waliolipa ili wateseke. Nimesikia kwamba baadhi yenu vijana wa Isiolo mmenunua baiskeli hizo nyembamba kama mbuzi wa kiangazi, na mnataka kuwa viongozi wa wageni milimani. Mmeambiwa Mama Honi anazijua barabara zote za kupanda juu. Ni kweli ninazijua, ila nimezijua kwa kutazama migongo ya watu. Uso wa mtu anayepanda mlima unaweza kutabasamu mbele ya kamera. Mgongo haujui kudanganya, wanangu. Mgongo unalia.

Jina nililopewa na mama yangu ni Talaso. La Mama Honi nilipewa na barabara. Nilistaafu macho yangu yalipoanza kuona baiskeli mbili mahali palipo na moja, jambo ambalo tajiri wetu angelipenda sana kama wangelipa wote wawili.

Kazi ilikuwa hivi. Tajiri alikuwa na kampuni ndogo ya kuleta wapenda baiskeli kutoka Nairobi na ng'ambo, waje wazunguke upande wetu huu wa Mlima Kenya. Mbele alitangulia Kirimi, Mmeru wa Timau, kiongozi wa njia, juu ya baiskeli yake. Nyuma nilikuwa mimi na pikapu nyeupe: maji, ndizi, tyubu, pampu, sanduku la dawa, na kiti kimoja kitupu kando yangu. Kiti hicho kilikuwa cha walioshindwa, ingawa katika miaka yangu yote sikuwahi kubeba mtu aliyeshindwa. Nilibeba wenye goti lililoanza kuuma ghafla. Nilibeba waliopigiwa simu na ofisi, hata mahali pasipo na mtandao. Nilibeba bwana mmoja aliyesema anaingia ndani ili anipigie hadithi nisije nikasinzia. Akalala mpaka Nanyuki.

Kuendesha gari nilifundishwa na mume wangu, Halake, Mungu amrehemu, dereva wa lori la mifugo na maziwa. Msidhani alinifundisha kwa ajili ya haki za wanawake. Alivunjika mguu, na maziwa ya ngamia kutoka Kulamawe hayangoji mguu upone. Aliniweka kwenye usukani, yeye akakaa kando na gongo lake, na kila nilipokanyaga breki ovyo alinigonga nalo gotini.

"Breki ni ya kusimama," alisema. "Kuteremka ni kazi ya gia. Anayeteremka kwa breki, siku moja atazitafuta azikose."

Alinifundisha pia kunusa. Breki iliyochoka inanuka kama kwato inayochomwa. Ukiisikia harufu hiyo na si gari lako, alisema, basi tafuta upesi ni la nani. Goti langu bado lina alama, na somo nililishika. Siku hizi nasikia kuna shule za udereva zenye viyoyozi. Hongereni.

Sasa njia zenyewe, maana ndizo mnazozitaka. Mkitaka kumwua mgeni kwa heshima, mpandisheni kutoka Isiolo hadi Subuiga baada ya chai ya saa nne. Ukishapita kambi za jeshi barabara inajifanya tambarare. Si tambarare. Inapanda kidogo kidogo, kama mkwe aliyesema anakuja kukaa siku mbili. Mgeni anaona lami imelala mbele yake, anashangaa mbona miguu ni mizito, anashuka kukagua tairi, anakuta tairi nzima, anaanza kushuku moyo wake. Msimweleze kitu. Mpeni maji.

Ondokeni baada ya sala ya alfajiri, barabara inapoanza tu kuonekana. Maji wanywe kabla ya kiu, yawe na chumvi kidogo na sukari kidogo. Huku chini wataungua, na kule juu baridi inawangoja, kwa hiyo kabla ya kuteremka kila mtu aweke gazeti kifuani chini ya shati. Hiyo ni faida ya gazeti ambayo simu bado haijaweza kuiba.

Njia ya pili ni ya kuzunguka. Mnapanda kwa Ruiri mpaka Meru mjini, mnapita juu kwenye mashamba ya ngano na viazi, mnatokea Subuiga, halafu mnateremka nyumbani Isiolo. Wageni huipenda kwa sababu inamalizikia kwa mteremko. Mimi niliichukia kwa sababu hiyo hiyo. Kupanda kunaua majivuno tu, na majivuno hayahitaji kaburi. Kuteremka ni habari nyingine. Msishikilie breki za baiskeli kutoka juu mpaka chini, ringi zitapata moto na tyubu itapasuka. Shika, achia, shika, achia, na kalio lirudi nyuma. Mahali miti inapoisha, upepo wa ubavuni utawasukuma kama mtu anayewadai. Msishindane nao, legezeni mikono.

Na wanyama. Ng'ombe aliyesimama barabarani hatoki, mzungukeni. Ngamia anafikiri, mpeni nafasi amalize. Mbuzi akivuka msifurahi, ngojeni mwanawe. Kirimi alikulia kwenye viazi, hakulijua hilo. Msimu wake wa kwanza alimkwepa mbuzi kwa ustadi mkubwa mpaka wageni wakapiga makofi. Kisha akamparamia mwanambuzi aliyekuwa anamfuata mama yake, akaruka juu ya usukani, akatua kifudifudi mbele ya miguu ya mchungaji. Mwanambuzi alikimbia zake, hana hata mkwaruzo.

Mchungaji akamtazama. "Hata salaam hakuna?" akauliza.

Mimi na Kirimi hatukuwahi kupatana juu ya jambo lolote isipokuwa chai. Yeye aliamini katika kupaza sauti, mimi niliamini katika honi. Alisema honi inawatia wageni hofu. Nilimwambia hofu ni bei nafuu. Tulibishana msimu mzima, na mwishowe tukakubaliana hivi: honi moja, gari dogo linapita, bana kushoto. Honi mbili, basi au lori. Honi tatu, toka barabarani sasa hivi, lala chini, usitazame nyuma.

"Tatu hutawahi kuipiga," Kirimi alisema. "Unapenda tu kuhesabu."

Kila kundi tulilifundisha honi hizo asubuhi kabla ya kuondoka. Walisikiliza kama abiria wa ndege wanavyosikiliza habari za mlango wa dharura.

Ndipo akaja Bwana Kizito. Alikuwa mfanyabiashara wa vioo vya madirisha huko Nairobi, mtu wa makamo, mwenye miguu kama nguzo za stima na nguo za kubana zilizokuwa na rangi zote ambazo Mungu alizisitiri zisionekane kwenye ndege wa kwetu. Nisiseme uongo, alikuwa mzuri. Alipanda Ruiri kama mtu anayepanda ngazi za nyumbani kwake. Wenzake walikuwa wachache, marafiki zake wa klabu, na wote walimfuata ulimi nje.

Tulipofika Subuiga tulisimama kwa chai kwenye kibanda cha kandokando. Watu wakaweka magazeti kifuani. Kizito akatoa vidude vyake vya muziki, akavitia masikioni, kimoja kulia, kimoja kushoto.

"Bwana, hizo toa," nikamwambia.

"Ni muziki tu, mama. Inanipa mdundo."

"Mteremko huu uko na mdundo wake. Unaitwa lori."

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. "Mimi nimeteremka milima ya Ulaya," akasema, "na hakuna mtu alikuwa nyuma yangu akinipigia kelele."

"Basi huko kuna amani. Hapa kuna mimi. Nikikupigia honi na wewe umeziba masikio, nitakusukuma nje ya barabara kwa mkono wangu mwenyewe."

Wakacheka tena, kwa sauti zaidi. Mwenye kibanda pia alicheka. Kirimi peke yake alinitazama vibaya, maana si vizuri kumwambia mteja hivyo mbele ya rafiki zake. Alikuwa na haki. Mara chache Kirimi huwa na haki, na siku hiyo aliichagua vizuri.

Kizito akaviacha vidude vyake masikioni, akapanda baiskeli.

Tukaanza kuteremka. Kirimi alitangulia na wale wengine, wakapotea kwenye kona. Kizito, kwa kiburi au kwa kunikomoa, aliwaacha waende kwanza, kisha akashuka peke yake katikati ya njia yetu, akicheza kona kwa raha, kichwa kikiitikia muziki. Nami nyuma yake, gia ya tatu, mguu mbali na breki.

Kwanza niliisikia harufu. Dirisha lilikuwa wazi na upepo ulikuwa unatoka mlimani nyuma yetu. Kwato inayochomwa. Nikakagua gari langu, nikajua si langu. Nikatazama kioo.

Lilikuwa lori la viazi, limejazwa mpaka magunia yanachungulia juu ya bodi, taa zote zimewashwa mchana kweupe. Moshi wa bluu ulikuwa unatoka kwenye magurudumu. Mkono wa dereva ulikuwa nje ya dirisha, unapunga chini, chini, chini, kama mtu anayefukuza kuku. Wanangu, niliona mkono ule nikajua yote. Dereva mwenye breki hana haja ya kupunga.

Nikapiga honi tatu. Nikapiga tena tatu. Huko mbele, ng'ambo ya kona, Kirimi alizisikia. Baadaye aliniambia hakufikiri hata kidogo. Alipiga ukelele mmoja, na wale wote wakajitupa majanini na baiskeli zao za thamani. Hata yule aliyekuwa anaifuta yake kwa kitambaa kila tunaposimama.

Kizito aliendelea kuitikia muziki.

Upande wetu wa kushoto kulikuwa na mtaro wa nyasi na vichaka vya miiba. Upande wa kulia, ng'ambo ya njia ya wanaopanda, lilikuwa korongo. Na kutoka chini, kwenye njia hiyo ya kulia, basi lililojaa watu lilikuwa linapanda. Kwa hiyo lori halikuwa na pa kupita. Nilipiga honi nikiwa karibu na Kizito kiasi cha kuweza kumshika shati. Hakugeuka. Nikasogea ubavuni mwake upande wa kulia, nikasema bismillahi, nikavuta usukani kushoto. Kioo changu cha pembeni kilimgonga begani. Alienda mtaroni kama gunia, baiskeli ikaenda kivyake, na mimi nikamfuata mtaroni kwa gari, nikasimama nikiwa nimeinama upande mmoja kama meza ya hoteli ya bei rahisi.

Lori likapita. Lilitikisa pikapu nzima. Basi nalo likapita, dereva wake akanipigia honi kwa hasira kwa kuegesha vibaya, akaendelea zake Nanyuki.

Nilipomfikia Kizito alikuwa amekaa miibani, mgongo kwa barabara, ameshika bega, amepauka. Kidude kimoja bado kilikuwa sikioni, nakisikia kinaimba.

"Umenigonga," akasema.

"Ndiyo."

"Ulisema utanigonga, na umenigonga."

Nilimwonyesha barabara nimweleze habari ya lori. Barabara ilikuwa tupu, safi, imetulia, kama haijawahi kumdhuru mtu tangu itiwe lami.

Mtulinga wake, ule mfupa wa begani, ulikuwa umevunjika. Nilimfunga mkono kwa leso yangu, nikamweka kwenye kile kiti. Ndiye mtu wa kwanza kukikalia kiti kile akiwa na sababu ya kweli, na kwa shukrani hakunisemesha mpaka hospitali. Kutoka hospitali alienda polisi.

Kesi yake ilikuwa tamu, hata mimi ningeiamini. Mama huyu alinitishia mbele za watu kwamba atanisukuma nje ya barabara. Kisha akanisukuma nje ya barabara. Mashahidi? Kundi zima, pamoja na mwenye kibanda, na wote ni watu waungwana wasioweza kusema uongo: naam, tulimsikia akisema hivyo. Na lori je? Naam, lori lilipita, kama malori mengine yanavyopita. Lilikuwa na breki au halikuwa na breki, wao wangejuaje? Walikuwa wamelala kifudifudi, hawakutazama nyuma, vile tulivyowafundisha. Katika miaka yangu yote hilo ndilo kundi pekee lililonitii kikamilifu.

Kirimi aliliona lori, akaandikisha hivyo. Lakini neno la Kirimi kwangu lilihesabiwa kama neno la ndugu.

Tajiri aliniita. Alininyooshea mkono nimpe ufunguo wa pikapu huku akisema ananiamini kabisa. Leseni yangu ikabaki kituoni. Nikarudi nyumbani Kiwanjani, nikakaa nikitazama kuku. Mnaweza kucheka, lakini niliogopa. Nilikuwa mjane, binti yangu yuko chuoni, na afande ameshanieleza kwa upole kwamba kumgonga mtu kwa makusudi na gari si kosa la barabarani, hilo ni jina lingine na jela yake ni nyingine. Majirani walikuja kunipa pole. Mmoja akaniambia, "Talaso, si ungemwacha tu agongwe, uwe na amani?" Nilimwangalia, nikagundua anasema kwa nia njema.

Kirimi ndiye hakukaa. Mtu aliyenipinga msimu mzima juu ya honi, sasa alizunguka mji wa Isiolo kwa ile baiskeli yake akiuliza mafundi wa malori: nani alibadilisha breki za lori la viazi siku ile? Alifukuzwa gereji moja, akanyweshwa soda gereji nyingine, mpaka fundi mmoja akasema: ndiyo, liliingia mchangani kabla ya mji, ndiyo maana lilisimama. Tulilivuta, tukalitengeneza, likaenda Marsabit. Dereva anaitwa Godana.

Tulimngoja arudi. Tukamkuta kwenye uwanja wa malori, kijana mwembamba, amechuchumaa kando ya gurudumu akinawa mikono. Aliniona, akaniangalia tena, na maji yakaendelea kumwagika kutoka kwenye chupa bila kugusa mikono.

"Ayo," akaniita, yaani mama. "Ni wewe ulikuwa kwa pikapu."

"Ni mimi. Uko nzima?"

"Niko nzima."

Nikamweleza habari ya kesi. Alisikiliza akiangalia chini. Nilipomaliza akasema, "Mimi nilimwambia mwenye gari hii breki imekwisha. Mara mingi. Alisema safari moja tu, halafu tutatengeneza. Sasa amesema nikifungua mdomo, kazi hakuna. Na polisi watauliza, wewe ulijua breki ni mbovu, mbona uliendesha? Nitasema nini?"

Kirimi akawaka. Alisema maneno ya Kimeru ambayo sitayarudia, kisha akageukia Kiswahili. "Huyu mama alikuokoa wewe! Ungekuwa umeua mtu!"

"Najua."

"Kama unajua, twende!"

Godana akaifunga chupa. Nami, wanangu, nilikuwa nimekuja na hotuba nzuri niliyoiandaa huku nikitazama kuku. Ikapotea. Nilimwona Halake katika umri ule, akiambiwa na tajiri wake safari moja tu.

"Kirimi, mwache," nikasema. "Kijana, nawa mikono yako. Tumeshaonana, imetosha."

Kirimi hakunisemesha njia nzima mpaka nyumbani. Alisema neno moja tu langoni: "Haya, basi ufungwe." Akaenda.

Siku ambayo afande alituita sote kituoni nilivaa nguo zangu za Idi. Nilifikiri kama nitawekwa ndani, heri niingie nadhifu. Kizito alikuwa ameshafika, mkono shingoni kwenye kitambaa, uso umekonda kidogo. Maumivu ya mfupa huo hayamwachi mtu alale, na sikufurahi kumwona hivyo. Sawa, nilifurahi kidogo. Kirimi alisimama mlangoni kwa sababu viti vilikuwa vimekwisha. Kizito akasoma malalamiko yake upya, kwa ufasaha, afande akaandika. Akaniuliza kama nina la kusema. Nikasema nimeshasema.

Hapo tukasikia "Salaam aleikum" nje. Kirimi akasogea, Godana akaingia. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi.

"Afande," akasema, "lori ile ni yangu. Mimi ndiye nilikuwa sina breki."

Afande akaweka kalamu chini, kisha akaichukua tena. Akamwambia aeleze. Godana akaeleza: breki zilivyokwisha juu ya mteremko, gia ilivyokataa kuingia, honi, taa, mkono dirishani. Alieleza bila haraka, kama mtu anayepakua mzigo gunia kwa gunia.

"Halafu nikaona pikapu," akasema, "na mbele yake huyu bwana na baiskeli. Upande ule mwingine basi inapanda. Nikaona watu ndani ya basi. Mtoto alikuwa kwa dirisha. Nikasema, haya, mimi niingie korongo. Nilikuwa nimeshaanza kukata usukani, afande. Nilikuwa nimeshatoa shahada, kama mtu anayekufa. Kidogo tu, nikaona pikapu inamsukuma bwana huyu, inaingia mtaroni, na njia imefunguka. Nikarudisha usukani."

Mimi mwenyewe sikulijua hilo. Miaka yote nimejisifu kwamba ninaona kila kitu kwenye kioo. Gurudumu lililoanza kugeukia korongoni sikuliona.

Kizito akamgeukia Godana. "Korongo?" akasema. "Kwa nini ulikuwa unaenda korongoni?"

Godana akamtazama kama mtu aliyeulizwa swali ambalo halina maana. "Wewe ulikuwa kwa barabara," akasema. "Mimi ndiye sikuwa na breki."

Kizito akasogea mpaka mezani kwa afande. Akasema kwa sauti ndogo, "Afande, futa."

Afande akasema mambo hayafutwi hivyo tu, kuna utaratibu, na mwenye lori lazima naye aitwe. Utaratibu ukafuatwa. Kizito akatia sahihi kwa mkono wa kushoto, mwandiko kama wa mtoto wa chekechea. Nikarudishiwa leseni. Kizito akainuka, akatoka bila kuniangalia. Nikasema moyoni, haya, Nairobi hiyo, kwaheri. Lakini akarudi, akasimama mlangoni kando ya Kirimi, akamwelekea Godana.

"Umekula?" akamwuliza.

Godana hakuwa amekula. Nadhani hakuwa amekula tangu jana yake. Tukaenda sote wanne kwenye hoteli iliyo karibu, tukaagiza nyama ya mbuzi na chapati. Nyama ikaja na mifupa, vipande vikubwa. Kizito akahangaika nayo kwa mkono mmoja, ikamkimbia kwenye sahani. Godana akasukuma sahani yake kando, akavuta ya Kizito, akamkatia nyama vipande vidogo vidogo, akaisogeza tena mbele yake, kisha akaanza kula yake. Kirimi alianza kuniambia kitu, nikamkanyaga mguu chini ya meza.

Mimi Bwana Kizito hajaniomba radhi mpaka leo. Aliendelea kuja kila msimu, na mara ya kwanza aliporudi nilimwona Subuiga akivitia vidude vyake mfukoni bila kuambiwa. Alinisalimia kwa kichwa. Nilimwitikia kwa kichwa. Wakubwa tunajua kuombana radhi bila kuchosha midomo.

Godana alifukuzwa kazi siku ile ile, kama alivyojua atafukuzwa. Alikaa bila kazi muda mrefu, tena muda mbaya, na wanaodhani ukweli hulipa papo hapo waje niwaonyeshe alivyokuwa akibeba mchanga huko Burat kwa malipo ya siku. Tajiri wetu hakutaka kusikia habari za dereva aliyepoteza breki. Nilimwambia ndiye dereva pekee wa kaunti hii ambaye hatasahau kuzikagua. Kirimi, kwa mara ya kwanza tangu tujuane, akaniunga mkono mbele yake, na tajiri alishtuka kiasi kwamba akakubali. Macho yangu yalipokwisha, pikapu ilienda kwake.

Kwa hiyo mkianza kazi hii, huyo mwanamume mnyamavu atakayekuwa nyuma ya migongo yenu ndiye Godana. Kila asubuhi mtamkuta amelala chini ya gari na tochi. Msimharakishe. Mpelekeeni chai. Ila habari za korongo msimwulize. Atawaambia hakumbuki, kisha hatamaliza chai yake.